Nusu ya Nyuma ya Daftari

Mwezi wa sita, Igawilo. Baridi inauma mpaka chini ya kucha.
Saa tisa usiku naongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga,
nawakuta wamelundikana kona moja
kama watoto wa shule walioona nyoka.
Nawatawanya kwa kiganja.
Wawili hawatawanyiki.

Naandika: 148.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
alisema Gwamaka, bwana mifugo mwenye buti zisizojua tope.
Daftari jipya pesa. Nikagawana na mwanangu Subilaga:
yeye mbele, kwa hesabu za darasa la sita,
mimi nyuma, kwa kuku.

Ukurasa wangu wa kwanza:
chakula cha duka, mfuko, elfu sabini na tano.
Wiki mbili baadaye, themanini na mbili.
Muuzaji pale Mwanjelwa hakunitazama usoni,
alitazama barabarani,
kana kwamba bei imepita pale na lori
naye ameiona tu, kama mimi.
Na trei ya mayai? Ileile.
Mfuko unapanda mlima, yai limekaa bondeni.

Nikaacha kuwatazama wauzaji, nikawatazama kuku.
Kulikuwa na tetea mmoja mwekundu, mtoro,
kila siku anaruka wigo kwenda kwa mama Atupele,
anarudi gole limejaa, hana haya.
Yai lake ukilipasua, kiini njano kama ua la alizeti.
Mwizi ndiye aliyenifundisha.

Nikachuma alichokuwa anaiba:
mchicha pori, majani ya viazi vitamu,
kishona nguo kabla hakijaanza kushona.
Nikaenda kinuni kununua mashudu ya alizeti
yangali na joto, yananukia hadi nikayaonja.
Soya nilikaanga kwanza,
maana soya mbichi inashibisha bila kukuza.

Siandiki ushindi tu. Daftari halina aibu.
Azola niliipanda kwenye dimbwi la turubai,
ikatanda kijani wiki tatu,
usiku mmoja sakitu ikashuka, asubuhi kahawia yote.
Lusina nilikausha kivulini, nikatwanga, nikafurahi,
nikazidisha.
Kuku kumi na wawili wakanyonyoka shingo mpaka mgongo,
wakatembea uchi kwenye upepo wa Julai.
Ambakisye, mume wangu, akauliza tangu lini
tunawanyonyoa kabla ya kuwachinja.
Sasa lusina ni konzi moja kwa ndoo. Haizidi.

Na cha duka sikukiacha chote.
Kifaranga hasomeshwi majani siku ya kwanza.
Ila mifuko sita imekuwa miwili,
na wanawake wa chipsi wananiulizia kwa jina:
yale mayai ya Tupokigwe, yenye kiini cha rangi.

Mwezi wa tisa nikajumlisha.
Nikatoa pumba, mashudu, mkaa, chanjo ya kideri, nauli,
na jogoo mmoja wa mama mkwe,
ambaye hakuuzwa wala kuulizwa.
Faida: elfu sitini na nne na mia mbili.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Nilipofunua ukurasa uliofuata, nikakuta nusu zetu zimekutana.
Kwa penseli, mwandiko unaoegemea kushoto:

*Mama anafanya kazi bandani saa nne kila siku, siku thelathini.
Kama saa moja ni shilingi mia tano, tafuta faida iliyobaki.*

Chini yake, kwa mpangilio mzuri, vyumba vimenyooka:
64,200 toa 60,000.
Jibu: 4,200.
Mwalimu alikuwa hajasahihisha.

Nilitaka kufuta. Kifutio kilikuwa chake, naye amelala.
Nikakaa na taa, kuku wakikoroma kikuku nyuma ya ukuta,
nikaisoma hesabu ile mara ya tatu
ndipo nikaielewa:
banda limenilipa,
na chenji imebaki.